Mkate wa Tatu

Kila mwaka, zilipofika siku tisa za wafu mwezi wa Februari, Frema alioka mikate mitatu midogo. Miwili alijua ni ya nani. Wa tatu ndio uliokuwa ukimsumbua.

Wa kwanza ulikuwa wa mumewe, Lemetor, aliyekufa kwa kifua miaka kumi na minne iliyopita. Wa pili ulikuwa wa binti yake Ostiala, ambaye homa ilimchukua miaka miwili baada ya baba yake. Wa tatu ungekuwa wa Voltio, mwanawe wa kiume, kama Voltio amekufa. Lakini kama yu hai, kumpelekea mkate kaburini ni kumwitia kifo kwa jina lake, na hakuna mama katika Altinum nzima, hata yule mwenye akili fupi kuliko wote, ambaye angethubutu. Na kama amekufa na hapewi chochote, basi mwanawe anazurura huko aliko na njaa, na wenzake wanakula. Kwa hiyo Frema alibeba mikate mitatu, akalaza miwili juu ya vigae vya kaburi, akailowesha mvinyo, akaitia chumvi na maua ya urujuani, kisha akasimama na wa tatu mkononi mpaka vidole vikafa ganzi. Halafu akarudi nao nyumbani akaula na jibini, bila kuhisi ladha yake.

Voltio aliondoka ana miaka kumi na tisa. Aliandikishwa jeshini akapelekwa Hispania, kwenye milima ya Asturia ambako Kaizari anachimbisha dhahabu. Askari hutumikia miaka ishirini, na wakubwa wakijisikia huongeza mitano juu. Sasa ilikuwa inakwenda ya ishirini na saba. Katika muda wote huo Frema alipata habari zake mara mbili tu. Mara ya kwanza mfanyabiashara wa mafuta alileta salamu kwamba mtoto ni mzima na amenenepa. Mara ya pili, mwaka wa nane, alikuja mtu mwingine kabisa na maneno haya: Voltio anasalimu wote, na anaomba soksi. Frema alimshonea jozi mbili za sufu nene, akampa mtu aliyekuwa anaelekea magharibi. Kama zilifika au hazikufika, hakujua.

Na kuuliza ungemuuliza nani? Vita vilikuwa vimekwisha. Wakati wa vita kuna orodha za waliokufa, kuna majeruhi wanaorudi wakichechemea na habari tele mdomoni. Wakati wa amani mtu anakwenda kuchonga barabara ya Kaizari mlimani, na ndiyo basi tena. Mji wetu ulikuwa umenawiri. Pilipili manga ilikuwa madukani kama kunde, vikombe vya kioo vilikuwa rahisi hata wenye vilabu vya mvinyo walivivunja bila kutukana, na mikokoteni ya sufu yetu nyeupe ilikwenda Roma usiku na mchana bila mtu kuogopa mwizi. Wazee waliokumbuka enzi za kukimbia na magodoro kichwani walisema tunaishi kama miungu. Walikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini mimi sijawahi kusikia amani ikibisha hodi kwenye nyumba ya mjane kumuuliza amekula nini.

Frema alikuwa mfumaji. Mtambo wa kufumia wa kwetu husimama wima, nyuzi zinaning'inia na mawe ya udongo chini yake, na ni kazi ya wanawake wawili: mmoja kushoto, mwingine kulia, mnapeana uzi huku mnapiga soga. Ostiala alikuwa ndiye wa kulia. Alipokufa, Frema hakumtafuta mwingine. Alisukuma uzi kutoka kushoto, akatembea hadi kulia kuupokea mwenyewe, akausukuma tena, akarudi. Kwa siku moja alitembea hivyo kama mtu aliyekwenda mji wa Patavium na kurudi, na bado alikuwa chumbani mwake. Wapangaji wa chini yake walizoea kusikia nyayo zake juu ya dari wala hawakujiuliza tena.

Jirani yake Cusonia, mke wa muuza chaza, alikuwa akipanda kumwona mara moja moja.

"Shoga, mtie duara mwanao, upumzike," alimwambia mwaka huu, akiwa amekaa juu ya kikapu cha sufu bila kuombwa.

"Nani kasema amekufa?"

"Nani kasema yu hai? Miaka ishirini na saba! Hata kobe angekuwa keshafika kutoka Hispania, na njiani akaoa."

"Huko hakuna vita, Cusonia."

"Ndicho ninachokwambia mimi! Hakuna vita, barabara nzuri, madaraja yapo. Sasa mtu mzima asiye na vita kinachomzuia kuja kumwona mama yake ni nini? Ni kifo tu. La sivyo useme mwanao hana haya."

Frema akarudi kwenye uzi wake. Kati ya mwana mfu na mwana asiye na haya, hakujua amchague yupi, na iliuma kuona kwamba jirani alikuwa amelifikia jambo lile kwa kupita tu.

Hilo duara niseme ni nini. Kwetu mtu mwenye akili hujichongea jiwe la kaburi angali hai, yeye na jamaa yake wote, maana warithi hawaaminiki. Juu ya kila jina mchongaji huweka alama ya walio hai. Mmoja akifa, mchongaji anaitwa, anaifuta ile alama na kuchonga duara lenye mstari katikati, alama ya wafu. Jiwe la Lemetor lilikuwa na majina manne, limesimama kando ya barabara kuu nje ya mji, mahali ambapo kila mpita njia anaweza kusoma nani amebaki na nani amekwenda.

Ostiala alipokufa ilikuwa mavuno ya zabibu, na mchongaji, mzee Enno, alikuwa ameonja kila pipa. Alikwenda na patasi yake akachonga duara zuri sana, la mviringo kamili, juu ya jina la Frema.

"Enno, mimi nimekufa lini?" Frema alimuuliza mlangoni kwake.

"Usinipigie kelele, mama. Majina yenu yamekaribiana."

"Yamekaribiana wapi? Langu liko juu, la mwanangu liko chini!"

"Mchana ule yalikuwa yanahamahama. Nitarekebisha."

Alirekebisha mwezi mzima baadaye. Kwa mwezi huo Frema alikuwa marehemu, na sokoni walimtania: "Karibu marehemu! Huko kuna samaki kweli, au mnaishi kwa harufu tu?" Alicheka nao. Alikuwa ametoka kumzika binti yake, na kicheko hicho ndicho pekee alichopata mwaka ule.

Sasa Enno alikuwa anapoteza macho. Alikuwa amemwambia wazi kwamba baada ya Februari hii anaweka patasi chini, na hao vijana wa siku hizi wanachonga maua tu. Frema alifikiri siku tatu. Halafu akapiga moyo konde, akamwambia aje kesho yake ya siku ya tisa amtie Voltio duara. Kwa hiyo siku ya tisa alipotoka nyumbani na mikate mitatu kikapuni, kwa mara ya kwanza alikuwa anakwenda kuitumia yote.

Ukungu ulikuwa umelala mabwawani na barabara ilikuwa na watu wachache. Aliweka mkate wa Lemetor, akaweka wa Ostiala, akawaambia maneno ya kawaida: baridi imezidi, bei ya sufu si mbaya, paa linavuja upande wa jikoni. Kisha akaweka kigae cha tatu. Alilaza mkate juu yake akainua kibuyu cha mvinyo, na hapo hapo akasikia kwato.

Alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye joho la safari lililochakaa, akiongoza farasi sita wadogo waliofungwa kamba moja. Walikuwa farasi wa Asturia, wale wenye mwendo laini wanaopendwa na wake wa matajiri. Alisimama mbele ya jiwe, akalisoma huku midomo ikichezacheza, akavua kofia.

"Salamu, mama. Wewe ndiye unayewatunza hawa?"

"Ndiye."

"Mungu wa nyumba yako akuzidishie. Nilifikiri hawana mtu." Aligusa jiwe kwa vidole, kwa upole kama anayemfahamu aliyelala chini yake. "Lakini mchongaji wenu amewaharibia. Huyu bibi Frema amemwandika yu hai."

"Yu hai, ndiyo."

"Hapana, mama. Huyu alikufa miaka kumi na miwili sasa, pamoja na binti yake. Mimi ndiye niliyempelekea mwanawe habari."

Frema alishusha kibuyu taratibu, kwa sababu alihisi atakiangusha.

"Mwanawe yupi?"

"Si huyu wa mwisho hapa? Voltio. Tumetumikia kikosi kimoja, mahema yamegusana, na sasa mashamba yetu yamepakana."

"Na huyo Voltio, siku uliyompelekea habari, alikuwa hai?"

"Alikuwa? Yu hai mpaka leo! Nimemwacha mwezi wa Oktoba anagombana na nguruwe wake."

Frema aliinama, akauondoa mkate wa tatu kwenye kigae haraka kama anayemtoa mtoto motoni, akaufuta kwa shuka, akaukumbatia kifuani. Kisha akaketi palepale kwenye ukingo wa kaburi. Alitaka kulia na alitaka kucheka. Angechelewa yule mtu nusu saa, angekuwa amemlisha mwanawe chakula cha wafu kwa mkono wake mwenyewe.

"Mama, vipi? Unaumwa?"

"Frema ni mimi," alisema.

Mwanamume yule alirudi nyuma hatua mbili. Akageuka kuwatazama farasi wake, maana farasi humtambua mzuka kabla ya binadamu. Farasi walikuwa wanang'oa nyasi bila wasiwasi wowote.

"Haiwezekani," alisema. "Nilisoma mwenyewe. Hapa, kwa macho yangu! Baba yangu alikufa kule Opitergium nikapewa ruhusa. Voltio akanituma, akaniambia ukipita Altinum nifikishie salamu nyumbani. Nikafika hapa wakati wa zabibu, nikasoma jiwe: baba duara, mama duara. Na dada mtu, mpita njia akaniambia wametoka kumzika, maua hayajanyauka. Sikuingia mjini hata. Ningebisha mlango wa nani?"

"Enno," alisema Frema.

"Nani?"

"Mchongaji. Alikuwa amelewa."

Akamweleza. Yule mtu, jina lake Turus, alisikiliza akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Frema alipomaliza, Turus alikaa chini kwenye majani yenye umande, mtu mzima na ndevu zake, machozi yakamtoka.

"Nimekuua mama," alisema. "Nimekuua kwa mdomo wangu, miaka kumi na miwili."

"Basi, basi, mwanangu. Nyanyuka utalowa. Umekula?"

Akampa ule mkate. Turus aliula kwa aibu, kama mtoto aliyepigwa kisha akabembelezwa, na Frema alimtazama akila, kwa sababu kinywa kile kilikuwa kimekula chungu kimoja na mwanawe. Alimuuliza yote kwa mkupuo. Voltio ana mke? Anaye, mwanamke wa kule kule, mkali lakini mpishi. Ana watoto? Watatu. Kwa nini hakurudi alipomaliza? Alipewa shamba hukohuko, na goti lake moja liliharibika kwenye barabara ya mgodi. Na tena, alisema Turus akiangalia chini, alikuwa anarudi kwa nani?

"Zile soksi zilifika?"

"Zilifika. Alizivaa mpaka zikabaki visigino tu."

"Na mbona hakutuma neno? Kabla hujaniua, miaka yote ile. Salamu mbili, Turus. Mbili!"

Turus alijikuna shingo. "Nikudanganye?"

"Usinidanganye."

"Alikuwa anasema mwakani. Mtu akisafiri, nitamtuma mwakani. Si kwamba alikusahau, mama. Alijua upo. Mtu ukijua mama yako yupo, huna haraka."

Frema aliyameza hayo. Yalikuwa machungu, lakini yalikuwa ya kweli, na kwa miaka mingi hakuna aliyempa kitu cha kweli.

"Lakini tangu nimpelekee habari!" Turus alisema, sasa akiwa na pumzi ya kumfariji. "Ungemwona! Alijenga jiwe lake kule, nje ya shamba, limewaandika nyote watatu. Siku hizi za wafu hakosi. Theluji inakuwa mpaka hapa, maua hakuna, anachukua matawi ya msonobari. Anakuwekea mkate na mvinyo na chumvi, halafu anakaa juu ya kiti chake anaanza kukusimulia. Mchana kutwa! Mkewe huwa anamcheka, anasema huyu kwangu hana maneno kumi, kwa mama yake hanyamazi."

"Ananisimulia mimi?"

"Wewe. Baba yake anamsalimia tu. Dada yake anamlilia kidogo. Wewe ndiye anayekwambia mambo. Nyumbu amevunjika mguu, anakwambia. Mtoto kaota jino, anakwambia. Wakati mwingine anakuomba radhi, mimi huwa nakwenda mbali nisisikie. Yule binti yake mdogo amemwita kwa jina lako."

Pale mbele ya jiwe, leo, siku ya tisa, Frema alimwona: mtu wa miaka arobaini na sita, goti bovu, kwenye kiti katika theluji, akizungumza. Huenda saa hii hii alikuwa akizungumza. Na yeye aliyekuwa akizungumziwa, alikuwa huku akimweleza marehemu mumewe habari za paa.

"Sikiliza, mama," Turus alisema akisimama. Uso wake ulikuwa umechangamka, kwa kuwa alikuwa ameona njia ya kujitoa kwenye kosa lake. "Farasi hawa nawauza Aquileia, mwezi wa Aprili narudi Asturia kuchukua wengine. Nikifika tu, kabla sijafungua mizigo, naenda kwake. Namwambia, Voltio, mama yako yu hai! Nilikuwa mjinga, nipige ukitaka, lakini yu hai, nimekula mkate wake!"

"Atakuja?"

"Atakuja mbio."

Frema alimtazama tu. Turus hakuweza kustahimili macho yale.

"Goti lile, mama. Na shamba, na watoto watatu. Labda asije mwaka huu. Lakini atatuma salamu! Sasa wafanyabiashara wanapita kila mwezi, barabara ni salama."

"Atatuma mwakani," alisema Frema.

"Ndiyo, mwakani, au hata..." Turus alisikia alichosema.

Ukungu ulikuwa unaanza kunyanyuka juu ya barabara. Mkokoteni wa sufu ulipita kuelekea magharibi, mwendeshaji akiimba, na Frema aliufuata kwa macho mpaka ukapotea. Ule mkokoteni ungeweza kubeba neno lake. Neno moja tu, niko hapa, na mwanawe angefurahi siku ile mpaka aanguke. Angechinja nguruwe. Angelivunja lile jiwe lake, kwa kuwa hakuna mtu anayemlisha mama aliye hai chakula cha wafu. Na Februari ijayo asingechukua kiti chake kwenda kukaa kwenye theluji. Angekuwa na mama aliyepo. Asingekuwa na haraka.

Alitamani kumwona. Alitamani hivyo mpaka mbavu zikamuuma, na upweke wa miaka yote ile ukamjia kwa pamoja, wala hakujificha. Alilia kwa sauti mbele ya mgeni na farasi sita. Turus hakujua la kufanya, akashika kofia yake tu. Alipomaliza, Frema aliufuta uso kwa ncha ya shuka.

"Usimwambie," alisema.

"Mama! Unasema nini? Nibaki na mzigo huu?"

"Utabaki nao. Ulinizika wewe, na sasa nakuomba usinifukue."

"Lakini yeye anadhani..."

"Anadhani namsikia. Basi." Alisogea kidogo kwenye ukingo wa kaburi, akapangusa umande kwa kiganja ili Turus apate mahali pa kukaa. "Njoo ukae hapa. Farasi hawaendi popote. Huwa anazungumza kwa sauti, umesema?"

"Kwa sauti, ndiyo. Mpaka jirani wanamsikia."

"Haya. Anza na ya mwaka jana. Aliniambia nini?"